Mabakuli Yaliyojaa Pomoni

Mchoro wa chaki ulikuwa bado sakafuni, umefutika upande mmoja kwa kiatu cha mtu asiyetazama chini. Kapteni Nthabeleng Ralebitso aliuzunguka, akasimama mbele ya kabati lililofunika ukuta mzima.

Halikuwa kabati la nguo. Lilikuwa na rafu za ubao mweupe kutoka sakafuni hadi darini, na kila rafu ilibeba droo za plastiki angavu, pana na fupi kwa kimo, zimepangwa bega kwa bega kama mikate ndani ya tanuri. Droo hazikuwa na vifuniko. Ubao wa rafu ya juu ndio uliokuwa kifuniko cha droo za chini. Mpaka jana karibu kila droo ilikuwa na chatu wake mmoja, wa jamii ile fupi na nene inayojikunja kama mpira ikiogopa. Watu wa hifadhi ya wanyama walikuwa wamekuja na mifuko ya vitambaa wakawachukua wote. Droo zilibaki kama zilivyokuwa, na maranda yake, na mabakuli yake ya maji.

Barend Terblanche alizalisha nyoka hapa Brakpan kwa nusu ya umri wake. Chumba chenyewe kilikuwa gereji, na ukumbi mwembamba ulikiunganisha na nyumba. Juzi asubuhi alikutwa kifudifudi katikati yake, kisogo kimepasuliwa kwa tofali la kuzuilia mlango.

"Kumepoa humu," alisema Nthabeleng.

"Kumepoa? Kapteni, nyama ikilala humu haiozi." Sajenti Vusumuzi Khathi alikuwa ameficha mikono makwapani. Alikuwa mrefu, mwepesi wa ulimi, na ndiye polisi wa kwanza kuingia humo asubuhi ile. "Njoo uione ile niliyokwambia. Hii hapa."

Alielekeza kidole nyuma ya kabati. Ukutani palikuwa na soketi moja, na swichi yake ilikuwa imezimwa.

"Waya wa joto wa rafu zote unaanzia hapa," alisema. "Tulipofika, swichi ilikuwa hivi hivi. Na jirani ameshasema: mama Puseletso aliapa mbele yake kwamba iko siku atazima nyaya zote, nyoka wafe kwa baridi. Sasa tazama. Julai, kipupwe, jalidi imekaa nje kama chumvi. Amempiga bosi wake, hasira haijaisha, akaimalizia kwa nyoka. Chungu kimeiva, Kapteni. Kimebaki kupakuliwa."

"Alama za vidole kwenye swichi?"

"Hakuna. Imepanguswa."

"Kwa hiyo ana hasira za kuua nyoka sitini, lakini ana utulivu wa kupangusa swichi."

"Naye ana televisheni chumbani kwake, kama sisi."

Nthabeleng hakucheka. Puseletso Motaung alikuwa mtunza nyumba wa Terblanche, na aliishi katika chumba cha uani. Geti la uwanja lilifungwa kwa kufuli kwa ndani. Funguo zilikuwa mbili, mmoja wa marehemu, mmoja wake. Usiku ule mgeni alikuwa mmoja tu, Gideon Malherbe, rafiki na mfugaji mwenzake. Kamera ya nyumba ya pili iliona pikapu yake ikiondoka saa ya chakula cha jioni na haikuiona tena mpaka asubuhi, alipokuja kunywa kahawa na kukuta maiti. Daktari alikuwa ameandika kwamba kifo kilitokea baada ya usiku wa manane. Saa hizo ndani ya geti alikuwamo mtu mmoja tu aliye hai.

Mchana wa leo mwanamke huyo angesimamishwa mbele ya hakimu kwa kosa la kuua. Mwendesha mashtaka alikuwa anasubiri neno moja la Nthabeleng: ndiyo au bado.

"Hebu nisimulie tena jinsi nyoka alivyokurukia."

Khathi aliguna. "Na wewe pia? Kituoni wamenibandikia picha ya mjusi mlangoni kwangu. Wananiita Shujaa."

"Nionyeshe, Shujaa. Droo ipi?"

Alimwonyesha. Ilikuwa ya kimo cha kiuno. "Nilitaka kujua kama wako hai. Nikavuta, hivi, kidogo tu. Alikuwa hapa hapa mbele, pua imegusa plastiki. Sijatamka hata neno, paa! Kichwa kimefika mkononi. Nikaruka, droo ikainama, maji yote yakaniingia kiatuni. Kiatu kilishinda kwenye hita ya ofisi siku nzima."

"Maji mengi hivyo?"

"Nilidhani nimekanyaga mto."

Nthabeleng alivaa glavu akavuta droo ya jirani. Maranda yalikuwa makavu, na bakuli lilikuwa limejaa pomoni. Akavuta ya pili, ya tatu, akapanda rafu ya juu, akashuka ya chini. Kila bakuli maji yalikuwa yamefika ukingoni kabisa, yakitetema droo ilipoguswa.

Kisha akainama na tochi. Nyuma ya kila droo, pale waya wa joto ulipopita chini ya ubao, maranda yalikuwa na shimo la duara, laini, kama kiota. Hapo ndipo nyoka alipozoea kulala. Mbele, kwenye plastiki, palikuwa na michirizi ya pua iliyopanda na kushuka, juu ya michirizi mingine.

"Wote walikuwa mbele kama huyo wako?"

Khathi alifikiri. "Wote. Ukiangalia toka mlangoni uliona nyuso tu, mstari kwa mstari. Ndiyo maana nilisisimka."

"Usiku wa jalidi, joto limezimwa, wewe ungelala wapi?"

"Palipobaki uvuguvugu. Nyuma."

"Na ungekuwa mwepesi wa kuruka asubuhi?"

"Mimi? Asubuhi ya Julai mimi hata simu siwezi kuipokea." Mikono ikatoka makwapani. "Lakini yule aliruka, Kapteni. Aliruka kama chemchemi."

Rafu ya chini kabisa haikuwa na maranda. Droo zake zilikuwa tupu, zimesuguliwa, zinanuka dawa ya kuua vijidudu. Pembeni lilisimama friza la panya waliogandishwa, chakula cha nyoka. Nthabeleng alihamisha pakiti za juu. Chini yake palikuwa na vifurushi vinne vya magazeti, na ndani ya kila kimoja chatu mkavu kama kamba iliyoganda. Midomo ilikuwa wazi, na pembezoni mwa midomo palikuwa na povu lililokauka.

"Hawa hawakufa juzi," alisema. "Hawa walikuwa wagonjwa, na aliyewafunga ni mtu aliyetaka kuwaonyesha kwa mtu mwingine."

* * *

Puseletso Motaung alikuwa ameketi kwenye ukingo wa benchi, blanketi la kituo mabegani. Aliinuka Nthabeleng alipoingia, kwa adabu, kama anayempokea mgeni nyumbani kwake.

"Keti, mama. Umekula?"

"Uji wameleta. Maji ya kunywa sijapata tangu jana jioni. Nimewaambia, wanasema bomba la huku ni bovu."

Nthabeleng aligeuka kwa askari wa zamu. Askari akatazama dari, akasema atashughulikia, akaondoka bila haraka.

"Mama Motaung, jirani anasema uliapa kuwaua nyoka kwa baridi."

"Niliapa. Mmoja alitoroka nikamkuta ndani ya kapu langu la nguo. Wewe usingeapa?" Alivuta blanketi. "Niliapa pia kumchoma yule jirani na redio yake. Hilo hakuwaambia?"

"Hilo hakulitaja."

"Basi. Mimi mdomo ninao. Lakini mlango ule sijawahi kuuvuka. Mzee Barend alinicheka miaka yote. Alikuwa akiniambia, Puseletso, hawa ni kama soksi tu. Namwambia, soksi hazimezi panya."

Sauti yake ilikatika kidogo kwenye neno la mwisho. Nthabeleng aliacha ipite. Alifungua jalada. Aliyemkamata alikuwa ameandika: jeraha kwenye kiganja cha kulia, linadhaniwa kutokana na purukushani.

"Nionyeshe kiganja."

Halikuwa jeraha la purukushani. Ulikuwa mstari mwekundu, umetoa malengelenge, sawa kama uliopigwa kwa rula.

"Hii ni nini?"

"Hita. Ile ya mafuta, yenye mapezi na magurudumu. Nilifungulia geti Bwana Malherbe asubuhi, akapitia mlango wa gereji kama kawaida yake. Mimi nikaenda jikoni kuweka birika. Mara nikamsikia anapiga kelele. Nikakimbia ukumbini, nikateleza, nikashika hita nisianguke. Ilikuwa moto kama jiko."

"Ulimwambia askari?"

"Nilimwambia. Akasema hita kuwa moto mwezi wa Julai si habari."

"Na kwako ni habari?"

Puseletso alimtazama kana kwamba anapima kama swali lina mtego. "Mama, ile hita mahali pake ni miguuni mwa kitanda cha Mzee. Anaiwasha akilala, anaizima akiamka. Usiku ule hakulala. Kitanda nilikuta kimetandikwa kama nilivyokiacha. Sasa ukumbini, mlangoni pa nyoka, ilikwenda kufanya nini? Na nani aliiwasha?"

Nthabeleng alifunga jalada.

Kwenye korido alimpigia simu Daktari Moonsamy, aliyeukagua mwili.

"Daktari, ulipima joto la chumba?"

"Ndiyo, nimeandika. Kulikuwa na baridi. Dirisha wazi, mlango wazi. Yule rafiki alisema amefungua kwa sababu ya harufu."

"Tuseme dirisha lilikuwa limefunguliwa muda mfupi tu kabla yako. Tuseme usiku kucha chumba kilikuwa na joto la mwili wa mtu."

Upande wa pili karatasi zilifunuliwa.

"Basi mwili usingepoa. Ningeukuta na joto, nikaamini kifo ni cha alfajiri." Daktari alikohoa. "Kuna jambo lilinikera, Kapteni. Alikuwa amekakamaa kuliko nilivyotarajia. Nikasema labda ni maumbile yake. Joto linakakamaza upesi. Kama chumba kilikuwa hivyo, saa zangu zitupe. Anaweza kuwa alikufa wakati watu wanakula chakula cha jioni."

"Utaliandika hilo?"

"Naliandika sasa hivi. Na nitaona aibu huku naandika."

Nthabeleng alimwita Khathi. Alimtuma kuikamata hita, kuipeleka kwa wapima alama, kisha amfuate yeye mjini Benoni.

"Benoni kwa nani?"

"Kwa mwalimu. Nakwenda kujifunza kufuga nyoka."

* * *

Gideon Malherbe aliishi kwenye kiwanja nje ya mji, ambako vilima vya njano vya machimbo ya zamani vilifunga upeo wa macho. Banda lake la nyoka lilikuwa la mabati. Hata Julai, jua la adhuhuri lilikuwa limelipasha. Alikuwa mtu mnene, mpole wa sauti, aproni imejaa maranda. Alileta kahawa na biskuti ngumu za kuchovya kabla hajaombwa.

"Nyoka wa Barend wako salama, Kapteni? Nimepiga simu kituoni mara tatu. Wamewawekea joto?"

"Wamewekewa. Bwana Malherbe, mwendesha mashtaka ataniuliza habari za lile kabati, na mimi sijui kitu. Nikitaka kuwa nalo, nianzie wapi?"

Uso wake ulilegea. Alikuwa mtu ambaye haulizwi mara nyingi.

"Usianze na uzuri. Anza na nyoka. Mgeni kosa lake la kwanza ni kununua droo kubwa. Anadhani anamfanyia hisani. Huyu chatu kwao anaishi kwenye shimo la panya. Mpe ukumbi, ataacha kula." Alivuta droo moja kwa vidole viwili, ilitoka bila sauti. "Halafu pengo. Kati ya droo na ubao wa juu, kalamu ya risasi isipite. Kichwa kikipata njia, mwili mzima ni msafara tu."

"Na joto?"

"Hapo ndipo watu wanapoua." Aligonga ubao wa nyuma. "Unachonga mfereji, unalaza waya, unafunika kwa utepe wa foili. Theluthi moja ya droo, nyuma, basi. Mbele pabaki baridi. Ukipasha sakafu nzima umemjengea kikaango. Nyoka hatoi jasho, Kapteni, wala hana mkono wa kujipepea. Dawa yake ni moja, kuhama. Nyuma pakiwaka, anakuja mbele. Ukimnyima mbele, umemuua."

"Na chumba chenyewe kikishika joto? Chote?"

"Hapo hana pa kuhamia."

"Wewe unafanyaje?"

"Swichi ya ukutani. Kabla ya dirisha, kabla ya lolote."

"Lakini kuna kidhibiti. Barend alikuwa nacho, kizuri, chenye waya wa kupimia joto. Si kinajizima chenyewe?"

Malherbe alitikisa kichwa. "Barend ndivyo alivyoamini. Wote wanaamini hivyo mpaka siku yao. Changu kilikwama kikiwa kimewaka. Nilisikia harufu kabla sijafungua mlango, rafu nzima wamekufa. Majike wenye mayai." Aliifuta meza ambayo haikuwa na uchafu. "Tangu siku hiyo, chumba kikipanda joto, nazima kwa mkono huu. Barend alikuwa akinitania. Ananiita Mama Mkunga."

"Na maji?"

"Najaza. Akizidiwa anajitosa bakulini, anapoa."

"Barend naye alikuwa anajaza?"

"Aa, Barend! Nusu bakuli, siku zote, kama anayeuza pombe. Eti ukijaza yanamwagika, maranda yanalowa, nyoka anaota vidonda vya tumbo. Tulilumbana juu ya maji yale kama mtu na mkewe."

Nthabeleng alitembea kando ya rafu. Kila bakuli lilikuwa limejaa hadi ukingoni. Kwenye droo ya mwisho chatu alikuwa ameinua kichwa wima, mdomo nusu wazi, na pumzi yake ilitoa mluzi mwembamba. Povu dogo lilikuwa limeshika kwenye mdomo.

"Huyu ana mafua?"

"Vumbi la maranda." Malherbe aliifunga droo upesi, na kwa mara ya kwanza ilitoa sauti.

"Kwenye friza la Barend wako wanne wenye povu kama hilo. Rafu yake ya chini ilikuwa imesuguliwa kwa dawa. Ulimwazima dume la kuzalishia, Bwana Malherbe?"

Nje, gari la polisi lilisimama. Khathi aliingia, akafuta miguu mlangoni, akainamisha kichwa mara moja kumwambia Kapteni ndiyo.

"Mabakuli ya Barend yalikuwa pomoni," alisema Nthabeleng. "Yote. Maranda makavu. Maana yake yalijazwa usiku ule, na mtu aliyeshika kila droo bila kutikisa, na nyoka ndani."

"Labda Puseletso..."

"Katika maelezo yako umesema mwenyewe kwamba hata mlangoni hasimami."

"Labda Barend siku hiyo alibadili nia."

"Kwa ubishi wenu wa miaka yote, akabadilisha usiku wa kufa kwake? Tena usiku wa jalidi?" Nthabeleng aliweka kikombe mezani. "Swichi ilikuwa imezimwa. Sisi tuliona chuki. Tulisema aliyezima alitaka wafe kwa baridi. Lakini nyoka walikuwa wepesi, na wote walikuwa mbele, mbali na waya. Wamekimbia joto. Mtu aliingiza hita humo, akafunga dirisha, ili mwili usipoe na saa zimdanganye daktari. Halafu akafikiri juu ya nyoka. Kabla ya dirisha, kabla ya lolote."

Khathi alisogea. "Hita tunayo, Bwana Malherbe. Kishikio cha kuisukumia, vidole ni vyako. Kitako cha kiganja hadi ncha ya kidole."

"Nilikuwa nakwenda pale kila wiki. Nimeshika kila kitu."

"Hita ya chumbani kwa mtu?" Khathi aliuliza. "Mlikuwa mnalala naye miguu huku, miguu kule?"

"Sajenti," alisema Nthabeleng, na Khathi akarudi nyuma. "Usiku ulitoka kwa ufunguo wa Barend, ukabana kufuli kupitia nondo za geti. Asubuhi ulifunguliwa geti, ukapitia gerejini, ukaurudisha ufunguo, ukaisukuma hita ukumbini, ukafungua dirisha. Jambo moja lilinisumbua mpaka nilipofika hapa. Ulikuwa na nafasi ya kurudisha swichi. Ungeirudisha, tusingejua kitu. Kwa nini uliiacha?"

Malherbe alitazama mikono yake. Kisha akasema kwa sauti ile ile ya kufundishia:

"Chumba kilikuwa bado na moto. Huwezi kuwasha waya chumba hakijapoa."

Ndani ya droo ya mwisho mluzi uliendelea, unapanda na kushuka.

"Alisema atawaambia Jumamosi kwamba ugonjwa umetoka kwangu," Malherbe alisema. "Mbele ya chama chote cha wafugaji. Wangekuja na sindano za kuulia, droo kwa droo, wazima na wagonjwa. Nimewalea toka kwenye mayai, Kapteni. Nilimsihi. Akageuka kuchukua simu. Tofali lilikuwa pale mlangoni."

"Na baada ya hapo ulijaza maji."

"Joto lilikuwa linapanda. Ilibidi nimruke mara mbili ili nifike bombani." Macho yake yalijaa machozi, naye hakuyafuta. "Nyoka hawakuwa na kosa."

"Na Puseletso Motaung?"

Ilionekana wazi kwamba Malherbe anatafuta jibu kwa uaminifu, kama mtu anayepapasa mfuko ambao hakuwahi kuweka kitu ndani yake.

"Siku ya tatu hii yumo ndani kwa ajili yako," alisema Nthabeleng. "Umepiga simu kituoni mara tatu kuuliza kama nyoka wana joto. Yeye hukumwulizia hata mara moja."

Khathi alimfunga pingu. Malherbe hakupinga. Mlangoni alisimama, akageuza kichwa kuelekea kidhibiti cha ukutani, kilichokuwa kimezimika taa yake ya kijani.

"Jua likizama bati linapoa ghafla," alisema. "Mtu awashe swichi. Tafadhali."

Nthabeleng alimpigia mwendesha mashtaka kwanza. Maneno yalikuwa machache. Kisha akapiga kituoni, na aliyepokea alikuwa askari yule yule wa zamu aliyetazama dari.

"Mama Motaung anatoka leo. Karatasi ziko njiani."

"Sawa, Kapteni. Nimwandalie fomu za vitu vyake?"

"Fomu baadaye. Bomba la huko limetengenezwa?"

"Bado, Kapteni."

"Basi nenda jikoni mwenyewe, kwa miguu yako. Tafuta glasi, bakuli, chochote kilicho safi. Mpelekee maji." Alitazama droo iliyokuwa mbele yake, maji yakitetema ukingoni kwa mtikisiko wa gari lililokuwa linaondoka. "Na ujaze."